UKURASA WA NYUMBANI: Likizo ya Askari na Watoto Wake Mjini Kampala

Likizo ya askari aghalabu ni fupi, na nyumba anayoirudia ni ndogo. Katika kambi za polisi kama Naguru na Nsambya jamaa nyingi huishi katika chumba kimoja au viwili. Baba anaporejea kutoka kazi ya miezi mingi, pengine kutoka Somalia ambako majeshi ya Uganda yalianza kwenda mwezi Machi 2007, huwakuta watoto wamerefuka, na yule mdogo kabisa humtazama kama mgeni na kuuficha uso wake katika lesu ya mama. Kosa si la mtoto. Wala ugeni huo hauondoki kwa zawadi ya viatu na peremende. Mtoto humzoea mtu anayecheza naye.

Hapo ndipo penye shida. Siku ya kwanza baba hulala. Siku ya pili huwafuata wenzake kwenye kantini, na siku zilizobaki huishia huko huko. Hakuna amkatazaye askari kukaa na wenzake, kwani watu waliopita hatari pamoja wana mazungumzo yasiyoweza kuzungumzwa na mwingine. Lakini likizo ya siku 14 ina jioni 14 tu, na mke aliyelea watoto peke yake tangu mwaka ulipoanza anazihesabu.

Yafaa basi kuangalia mji wa Kampala una burudani gani, za ndani na za nje, ambazo jamaa ya askari yaweza kuzipata bila kuumaliza mshahara.

Ya kwanza haihitaji hata kutoka kambini, nayo ni omweso. Mchezo huu ni ndugu wa bao linalochezwa pwani, maana kila mmoja una mashimo 32 katika safu nne za mashimo manane manane, na kete 64. Sheria zake lakini ni nyingine, na mtu wa Mombasa akija Kampala akidhani ni bao lile lile atafungwa mapema. Kila mchezaji hushika safu mbili zilizo upande wake na kete 32, akazipanga apendavyo. Akifika kucheza, huchukua kete zote za shimo moja lenye kete mbili au zaidi, akazigawa moja moja kwa kuzunguka safu zake mwenyewe, kinyume cha mwendo wa saa. Kete ya mwisho ikiangukia shimo tupu, zamu yake imekwisha. Ikiangukia shimo lenye kete, huziokota zote na kuendelea. Na kama shimo hilo limo katika safu ya ndani, na mashimo yote mawili ya adui yanayolikabili yana kete, basi kete hizo ni mateka. Hutwaliwa na kugawiwa kuanzia pale mzunguko ule ulipoanzia. Anayekosa pa kuchezea ndiye aliyeshindwa.

Iko pia sheria ya kurudi nyuma kutoka mashimo manne ya kushoto ili kuteka, lakini hiyo mtoto aifundishwe baadaye, akishaizoea ile ya kwanza. Na uko ushindi wa ghafla, yaani kuteka kete za adui kwenye ncha zote mbili za ubao kwa mchezo mmoja. Waganda huuita emitwe ebiri, maana yake vichwa viwili. Askari yeyote aliyefundishwa kumzunguka adui kwa pande mbili ataupenda.

Ubao ukikosekana, mashimo huchimbwa ardhini na vijiwe 64 vikatosha. Faida ya omweso ni kwamba mtoto wa miaka minane aweza kumshinda baba yake bila kuhurumiwa. Tena hujifunza kuhesabu haraka bila kalamu, kwa sababu mchezaji mzuri hujua kete ya mwisho itaangukia wapi kabla hajaigusa ya kwanza. Mama naye asiachwe kando kupika tu wakati wengine wanacheza. Katika nyumba nyingi yeye ndiye atakayebaki na mchezo huo baba akirudi kazini.

Wanaopenda sataranji wana mfano wa karibu. Katika mtaa wa Katwe, Robert Katende aliwafundisha mchezo huo watoto wa jamaa maskini, na mmoja wao, Phiona Mutesi, akafika kuiwakilisha Uganda katika mashindano ya dunia. Filamu juu ya maisha yake ilitoka mwaka 2016. Kwa upande wa filamu, vibanda vya video vimejaa mitaani, na wale wafasiri wanaozisimulia kwa Kiganda wana ufundi wa kuchekesha kweli kweli. Hata hivyo mzazi aingie kwanza aone kinachoonyeshwa. Vingi havikupangwa kwa ajili ya watoto.

Siku ya mvua, na Kampala hupata mvua nyingi kati ya Machi na Mei na tena kati ya Septemba na Novemba, hapana mahali pazuri kuliko Makumbusho ya Uganda katika barabara ya Kira. Makumbusho hayo yalianzishwa mwaka 1908 huko Old Kampala, na watu wa siku hizo wakayaita Enyumba ya Mayembe, nyumba ya mahirizi, kwa vile yalikuwa na vitu vya waganga. Jengo la sasa lilifunguliwa mwaka 1954. Chumba cha ngoma na ala za muziki ndicho watoto wasichotaka kutoka, na nyuma ya jengo zimo nyumba za nyasi zilizojengwa kwa mitindo ya makabila mbalimbali. Baba wa Acholi aliyeoa Mnyankole aweza kumwonyesha mtoto pande zake zote mbili kwa asubuhi moja. Mwaka 2011 ulitokea mpango wa kujenga mahali hapo jumba la ghorofa 60, nao ukapingwa hata mahakamani. Jumba halikujengwa, na watoto wangali wanakwenda kuzitazama ngoma.

Kwa michezo ya kuigiza kuna Jumba la Taifa la Maonyesho, lililofunguliwa mwaka 1959. Jumba hilo lina historia nzito: kiongozi wake Byron Kawadwa aliuawa mwaka 1977, muda mfupi baada ya kurudi kutoka tamasha la Lagos alikopeleka mchezo wake. Watu wazima wanaoingia mle wakumbuke hayo. Kwa ngoma za makabila, kundi la Ndere, lililoanzishwa na Stephen Rwangyezi mwaka 1984, hucheza katika kituo chake huko Ntinda. Kiingilio chake si cha kila wiki kwa mtu wa mshahara mdogo, ila mara moja katika likizo huenda ikawezekana.

Sasa za nje. Kwa askari uwanja wa mpira ni nyumbani. Timu ya jeshi, Simba, ilifika fainali ya Kombe la Klabu Bingwa za Afrika mwaka 1972 ikashindwa na Hafia ya Guinea. Na mwaka huo huo polisi wa Uganda, John Akii-Bua, alishinda mbio za mita 400 za kuruka viunzi katika Olimpiki ya Munich kwa sekunde 47.82, akawa mtu wa kwanza duniani kuzikimbia chini ya sekunde 48. Watoto wengi wa kambini hawajui kwamba bingwa huyo alivaa sare kama ya baba zao. Waelezwe, kisha wapelekwe Namboole, uwanja uliofunguliwa mwaka 1997 na kukarabatiwa na wahandisi wa jeshi. Ndipo Uganda ilipochezea mechi zake za kombe la CHAN mwezi Agosti 2025. Uwanja wa Nakivubo, uliowekwa kuwa ukumbusho wa wanajeshi waliokufa vitani, ulibomolewa mwaka 2017 ukajengwa upya pamoja na maduka kuuzunguka. Mpira unachezwa, lakini mtoto atakumbuka zaidi msongamano wa soko.

Jamaa itakayo utulivu ipande kilima cha Kikaya, penye hekalu la Wabahai lililofunguliwa Januari 1961. Bustani zake ni kubwa na watu wa dini zote hukaribishwa, mradi waiheshimu sehemu ya ibada. Chakula na kipikwe alfajiri.

Entebbe ni safari ya siku nzima. Bustani za mimea, zilizoanzishwa mwaka 1898, zina miti mikubwa na nyani wasioogopa watu, hivyo ndizi zifichwe mfukoni. Ziwa liko pale pale, nalo linahitaji uangalifu. Kichocho kinapatikana katika maji ya Ziwa Victoria, hasa penye nyasi na maji yaliyotulia, kwa hiyo watoto wasiachwe kuchezea hapo. Aliyekwisha kuingia akapimwe hospitalini baada ya wiki kadhaa, hata kama hajioni mgonjwa, kwani dawa yake ipo.

Kuhusu mashua za starehe, tarehe 24 Novemba 2018 chombo kiitwacho MV Templar kilizama upande wa Mukono kikiwa kimejaza watu kupita kiasi, katika matembezi ya furaha, na zaidi ya watu 30 wakafa. Baba ahesabu jaketi za kuokolea kabla ya kuhesabu watoto ndani. Zikipungua hata moja, jamaa yote ibaki ufukweni, ijapokuwa nauli imekwisha kulipwa.