Hiyo Ni Taa Tu

Kuna sentensi moja ningependa ipigwe marufuku katika gereji zote kuanzia Mbagala mpaka Tegeta: "Hiyo ni taa tu, dada. Gari zima." Mafundi watatu wameshaniambia hivyo, kila mmoja kwa sauti ileile ya mtu anayefariji msibani. Wa nne hakunifariji. Aliniuliza kama nataka kuitengeneza au nataka kuizima.

Nikamwambia aizime. Kwa hiyo anayeandika haya si mtu msafi.

Gari lenyewe ni dogo, la Kijapani, la mwaka 2005. Asubuhi moja ya mvua ziliwaka taa mbili za rangi ya chungwa kwenye dashibodi: moja imeandikwa ABS, nyingine ina picha ya gari linaloserereka, matairi yameacha michirizi kama nyoka wawili. Wakati huo nilikuwa nimeshapata mnunuzi na bei tumeshakubaliana. Fundi akafungua dashibodi, akabandika vipande viwili vya tepu nyeusi ya umeme juu ya alama zile, akarudisha kioo, akachukua elfu kumi na tano. Hata nusu saa haikufika.

Sasa nieleze tulichokifunika, maana wengi wetu tuna leseni na digrii na bado hatujui. Kila tairi lina sensa inayohesabu mizunguko yake. Ukikanyaga breki kwa hofu kwenye lami iliyolowa, tairi linaweza kuacha kuzunguka huku gari bado linakwenda. Tairi lililoganda halikati kona. Unaweza kuzungusha usukani mpaka mwisho, gari litanyoosha tu lilikokuwa linaelekea. Kompyuta ya ABS huligundua hilo, ikaachia na kubana breki ya tairi hilo mara nyingi kwa sekunde moja, ndiyo maana pedali hutetemeka mguuni. Watu hudhani kazi ya ABS ni kufupisha mwendo wa kusimama. Kazi yake kubwa ni kukuachia usukani. Ile picha ya gari linaloserereka ni hatua ya pili: mfumo unalinganisha unakotaka kwenda na gari linakokwenda kweli, kisha unabana tairi moja na kupunguza nguvu za injini ili vikubaliane.

Haya hayakuwekwa kwa urembo. Bosch na Mercedes-Benz walileta ABS ya kielektroniki mwaka 1978, na mfumo wa kutuliza gari mwaka 1995. Mwaka 1997 waandishi wa magari huko Sweden waliijaribu Mercedes-Benz A-Class kwa kuikwepesha ghafla, ikapinduka. Kampuni ikaamua kuufunga mfumo huo kwenye kila gari la aina ile. Marekani imeulazimisha kwa magari madogo yote mapya tangu modeli za 2012. Sisi tunayapokea magari bandarini yakiwa nayo tayari, halafu tunayatoa kwa tepu.

Fundi anaposema gari zima, nusu ya maneno yake ni kweli, na ndiyo hatari yake. Taa ya ABS ikiwaka peke yake, breki za kawaida zipo. Ila ikiungana na ile nyekundu ya breki wakati hendibreki umeshaishusha, simama. Huenda mafuta ya breki yamepungua kwa sababu pedi zimekwisha au kuna mahali panavuja. Huenda pia mgawanyo wa nguvu kati ya mbele na nyuma umepotea, na matairi ya nyuma yakiganda kwanza gari hugeuka mkia mbele.

Najua hoja ya pesa. Nimeshaitumia mwenyewe. Lakini mara nyingi ugonjwa wenyewe ni wa aibu kwa udogo wake: sensa imejaa tope, waya umekatika karibu na tairi, betri imechoka, tairi moja lina saizi tofauti na mengine. Kwenye baadhi ya magari taa ya mtelezo huwaka kwa sababu tu injini ina hitilafu yake; fundi anahangaika na breki, breki hazina kosa. Kinachokosekana ni mtu wa kupima. Vile vikompyuta vya bei rahisi vingi husoma injini peke yake. Fundi anachomeka, anaona hakuna kodi, anatangaza gari zima. Ni sawa na kupima malaria kwa mtu aliyevunjika mguu.

Mnunuzi wangu aliomba wiki mbili za kukusanya hela. Katika wiki hizo shangazi akafariki Iringa, nikampeleka mama mazishini. Tulikwenda salama. Tukirudi, tunateremka Kitonga, mvua inanyesha, nikakuta lori limezimika kwenye kona. Nilikanyaga breki, nikakata usukani kulia. Gari halikukata. Likaendelea kuteleza kuelekea tela, nami nimeshika usukani ambao haukuwa na kazi tena. Sijui nilikumbuka vipi kuachia breki. Gari likakamata lami, likaruka kulia, likaishia mferejini upande wa mlima. Mama hakupiga kelele. Aliniuliza tu, "Breki zimekataa?"

Nikamwambia ni mvua.

Vijana wa lori walituvuta, tukatambaa mpaka Mikumi. Fundi wa pale, mzee wa makamo, hakugusa tairi kwanza. Alizungusha ufunguo bila kuwasha injini, akatazama dashibodi. Taa za tahadhari zinatakiwa ziwake pale kwanza. "Hizi mbili haziwaki kabisa," akasema. "Nani alizificha?" Mama alikuwa amekaa kwenye benchi, karibu kabisa, anakunywa chai. Nilijibu nikiangalia chini.

Kosa lilikuwa beringi ya tairi la mbele. Iliwahi kubadilishwa, ikafungwa kinyume; upande wenye sumaku inayosomwa na sensa ukatazama nje. Beringi nzima, mpya, imegeuzwa tu. Ikabidi inunuliwe nyingine maana haitoki bila kuharibika. Jumla, pamoja na ufundi, sikumaliza laki moja na nusu. Breki zote ziko vilevile leo, na taa huwaka na kuzima inavyotakiwa.

Barabarani nimeombwa kizimamoto na pembetatu mara nyingi nisizoweza kuhesabu. Sijawahi kuombwa nizungushe ufunguo tu. Wewe unayenunua gari mwezi huu, mwombe dalali azungushe, na usitazame taa zinazowaka. Tafuta ile isiyowaka.

Nilimpigia mnunuzi nikamweleza yote: tepu, Kitonga, beringi. Nilitegemea matusi. Akanyamaza kidogo, akanishukuru, akasema gari bado analitaka. Halafu akaniuliza, kwa adabu kabisa, kama ile tepu ninayo bado, maana na yeye anategemea kuliuza Desemba.