Karo Lililoziba

Huku kwetu Chilangala maji ya mvua huzama mchangani, na chemchemi hutokea chini mabondeni, ambako mama zetu waliteremka kuteka. Basi twawanasihi vijana: karo la kufulia likiziba, msimwage ndoo baada ya ndoo kulizibua. Kwanza ingizeni waya uliopindwa ncha, mvute nywele, nyuzi na mabaki ya sabuni. Kisha mimineni birika moja la maji ya moto, yasiyochemka ikiwa bomba ni la plastiki. Mwisho funikeni tundu kwa kipande cha wavu. Mtume wetu (S.A.W.) alikuwa akitawadha kwa mudi moja, kiasi cha kujaa viganja viwili. Vipi sisi tumwage ndoo nzima kwa uvivu wa kuinama? Mwenyezi Mungu atuepushe na israfu. Amin.