Waliochimba Embakasi Watajwe

Msafiri ashukaye leo katika Kiwanja cha Ndege cha Kimataifa cha Jomo Kenyatta, mjini Nairobi, aghalabu hushughulishwa na mambo mawili tu: urefu wa foleni ya uhamiaji, na kama mzigo wake umefika. Simlaumu, aliyekesha angani hana hamu ya tarikhi.

Walakini kiwanja hicho, kilichofunguliwa mwaka 1958 kwa jina la Embakasi, kilijengwa katika siku za Hali ya Hatari iliyotangazwa na serikali ya kikoloni Oktoba 1952, na kazi yake nzito ya kuchimba na kusawazisha ardhi walitwikwa wafungwa na mahabusi wa Mau Mau, wakatengeneza kwa shuruti njia ya ndege ambazo wao wenyewe hawakutaraji kuzipanda. Hata huyo ambaye jina lake limeandikwa mlangoni, Mzee Kenyatta, siku kiwanja kilipofunguliwa alikuwa kifungoni Lokitaung, katika ukame wa kaskazini. Na Machi 1978 akawa ndiye mfunguzi wa jumba jipya la abiria, miezi michache kabla ya kufariki dunia Mombasa mwezi wa Agosti.

Tangu hapo mazungumzo yetu yamekuwa ya majengo na fedha. Jumba la wageni wanaowasili liliteketea kwa moto Agosti 2013, na mwaka uliofuata likafunguliwa lile la 1A. Kisha mwaka 2024 ukazuka mzozo wa kukikabidhi kiwanja kwa kampuni ya kigeni, hata Rais Ruto akaufuta mpango huo Novemba. Katika ghasia zile nilisikia mno habari za mabilioni, na kwa nadra habari za waliochimba.

Rai yangu ni kwamba habari zao ziandikwe ukutani, kwa Kiswahili na Kikuyu na Kiingereza, pale pa kungojea mizigo, ambapo abiria husimama bila la kusoma ila matangazo ya biashara. Wako watakaosema kwamba huko ni kufukua madonda mbele ya wageni. Uingereza yenyewe ilikiri mwaka 2013 majuto yake kwa mateso ya siku zile za Hali ya Hatari na kuwalipa fidia wahanga zaidi ya 5,000, na mnara wao umesimama Uhuru Park tangu 2015. Basi Embakasi pana aibu gani iliyosalia ya kusitiriwa? Na majina yatafutwe sasa, maadamu wako watoto wa mahabusi hao wawezao kuyathibitisha.