MAKATO YA MATIBABU: FEDHA YETU IFIKE MAHALI PAKE



Kila mwisho wa mwezi mfanyakazi wa Malindi na Kilifi huona mshahara wake umekatwa fedha ya matibabu. Wengi wanatuuliza: fedha hii yaenda wapi? Yafaa tuijue habari yake tangu mwanzo.

Mwaka 1965, miaka miwili baada ya Uhuru, Serikali iliondoa ada ya shilingi 5 waliyotozwa wagonjwa. Mwaka 1966 ukaanzishwa Mfuko wa Bima ya Hospitali. Aliyepata shilingi 1,000 au zaidi kwa mwezi alikatwa shilingi 20. Wa mshahara mdogo hakuwamo. Mlango wa kujiunga kwa hiari ulifunguliwa mwaka 1972. Mwishoni mwa 1989 ada zikarudi hospitalini kwa jina la kuchangia gharama, na aliyeumia ni maskini.

Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 kazi ya mfuko ule imeshikwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii, yaani SHA. Matibabu ya zahanati na kituo cha afya hulipwa na Serikali kwa kila aliyejiandikisha. Michango yetu ni ya hospitali kubwa. Makato ni asilimia 2.75 ya mshahara, wala si chini ya shilingi 300. Mwenye mshahara wa 20,000 hukatwa 550. Zamani alikatwa 750. Mwenye 100,000 hukatwa 2,750; zamani 1,700. Hapo twasema ni haki: mwenye zaidi atoe zaidi.

Lakini yako mawili tusiyoyakubali.

Kwanza, mwajiri hachangii hata senti moja. Kazi yake ni kukata na kupeleka, mwisho tarehe 9 ya mwezi unaofuata. Akikata asipeleke, mgonjwa hufika hospitali akaambiwa hajalipa, na fedha yake imo mfukoni mwa mwingine. Huo ni wizi.

Pili, kibarua wa chumvi au wa hoteli huachwa ajilipie, tena mwaka mzima kwa mkupuo, si chini ya shilingi 3,600. Mtu wa ujira wa siku atazitoa wapi? Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 37, yasema kibarua aliyefanya kazi mfululizo mwezi mmoja ahesabiwe kuwa mfanyakazi wa mshahara wa mwezi. Basi naye akatwe kidogo kidogo na kupelekewa kama wenzake. Haba na haba hujaza kibaba.

Kila mwanachama ajiandikishe yeye na jamaa zake, atunze karatasi yake ya mshahara, na kila mwezi ahakikishe malipo yamefika. Yasipofika, amwarifu mwakilishi wa chama kazini upesi, asingoje kuugua. Nasi katika mapatano yajayo tutadai waajiri watie mkono wao pia. Mmoja akilalamika hunyamazishwa. Wote tukisema tutasikiwa.

UMOJA NI NGUVU.