Sauti Tamu Haitoshi Mbele ya Maikrofoni

Mwezi uliopita, baada ya sala ya Isha, nilikuwa nimeketi barazani aliponijia kijana wa mtaani petu, Mji wa Kale, simu mkononi na uso umemkunjamana. "Ami, hebu nisikize," akanambia. Alikuwa amesoma tangazo la biashara akalipeleka kwa watu wa studio, nao wakamkatalia. "Watu wa bara hawatutaki. Kiswahili ni chetu, lakini kazi wanapeana wao kwa wao."

Nilimsikiza mara mbili. Sauti anayo, tena tamu, Mwenyezi Mungu kamjalia. Lakini nyuma yake jogoo awika, kuta za chumba zinamrudishia maneno, na kila afikapo kwenye herufi "p" pumzi inagonga kama mlango uliosukumwa na upepo. Nikamwambia kweli ijapokuwa chungu: mwanangu, nami ningalikukatalia.

Hayo ndiyo maoni yangu leo. Sisi wa pwani tumejidanganya kwa muda mrefu kwamba kuzaliwa na lugha kunatosha kumfanya mtu awe msomaji wa kutia sauti kwenye matangazo, filamu na vitabu vya kusikiliza. Hakutoshi hata kidogo. Hii ni kazi ya ufundi kama useremala, na mwenye mbao nzuri asiye na randa hatengenezi mlango.

Kwanza nitoe haki yetu. Ulimi tunao, na wengi wetu tulinolewa chuoni. Maalimu alitufundisha makharij, kila herufi itoke mahali pake. Elimu hiyo ni kongwe: al-Khalil bin Ahmad, aliyeishi karne ya 8 huko Basra, alilipanga kamusi lake la Kiarabu kwa kufuata mahali herufi zitokapo, akaanza na ayn ya kooni, naye Ibn al-Jazari, aliyefariki mwaka 1429, alihesabu matokeo 17 ya herufi. Mtoto aliyepita hapo hasemi "zambi" akitaka dhambi, wala "gali" akitaka ghali. Na katika Kiswahili chetu, kaa la moto na kaa wa baharini huandikwa sawa, lakini "k" ya yule wa baharini hutoka na pumzi. Msomaji wa tangazo la uchaguzi anayechanganya kura na kula amekwisha kuuharibu ujumbe wote.

Chuoni pia tulifunzwa pa kusimama na pa kuunganisha. Basi msomaji wa tangazo naye achukue kalamu atie alama kwenye karatasi kabla ya kufungua kinywa: hapa napumua, hapa napita, neno hili nalikaza. Tangazo la sekunde 30 hubeba kama maneno 60 ya Kiswahili, na aghalabu limetafsiriwa kutoka Kiingereza likazidi kipimo. Asiyejua kazi hukimbia ili limtoshe. Fundi huomba ruhusa ya kupunguza maneno.

Lakini tuna na ila yetu. Tumezoea mahadhi, hata tukipewa habari za dawa ya mbu tunaziimba kama utenzi. Maikrofoni haitaki kuhutubiwa wala kuimbiwa. Inataka usemi wa mtu anayezungumza na mwenzake aliyeketi karibu.

Mimi mwenyewe, nilipoitwa studioni mara ya kwanza miaka ya 1990, nilikwenda na kanzu iliyotiwa wanga ikapigwa pasi. Kila nikiinua mkono ilichakarika kuliko maneno yangu. Fundi wa mitambo aliniamrisha niivue, nikasoma nimevaa fulana na kikoi. Siku hiyo ndipo nilipojua kwamba sikio la chombo halina adabu: husikia nguo, karatasi, tumbo lenye njaa na kinywa kikavu.

Siku hizi kijana anaweza kurekodi nyumbani, ila lazima ayajue mambo machache. Chumba kitupu chenye kuta za mawe hutoa mwangwi. Atundike mablanketi, asimamishe magodoro, au asome akielekea kabati lililojaa nguo. Maikrofoni iwe mbali kiasi cha shubiri moja na mdomo, tena upande kidogo, ili pumzi ya "p" na "b" ipite kando. Soksi nyembamba ya nailoni iliyovutwa juu ya duara la waya huizuia vizuri. Kilele cha sauti kibaki angaa desibeli 3 chini ya sufuri, kwani sauti iliyopasuka haishoneki. Kazi ya filamu na televisheni kwa kawaida hunaswa kwa vipimo 48,000 kila sekunde, katika faili ya WAV isiyobanwa. Ujumbe wa sauti wa WhatsApp huibana sauti ikapoteza uhai wake, nao ndio huyu kijana aliopeleka.

Tena kuna mkataba. Sauti itatumika wapi, kwa muda gani, na malipo ni ya mara moja au kila itumiwapo? Leo mitambo ya akili unde hujifunza sauti ya mtu kwa rekodi fupi, kisha ikasema maneno asiyoyasema kamwe. Asiyeuliza kabla ya kutia sahihi huenda akajisikia akiuza bidhaa ambazo hata nyumbani kwake haziingii.

Lawama za bara na pwani zipo, na nyingine zina ukweli. Lakini hatuwezi kudai haki ya kazi ambayo hatujajifunza. Vijana waliohitimu vyuoni wana nusu ya ufundi huu tayari. Wazee tuwasaidie kuitafuta nusu ya pili badala ya kuwatia moyo wa kinyongo.

Yule kijana amerudi juzi na rekodi mpya. Jogoo hayumo, "p" imetulia, mwangwi umekwisha. Bado anaimba, nami nimemrudisha akasome tena. Akirudi anasema kama watu wasemavyo, inshallah, nitakwenda naye mwenyewe kwa watu wa studio.