Daftari la wiki: Asilimia nne ya betri

Arua, Jumapili, Julai 4, 2021

Alhamisi tumezika kodi moja tukapokea nyingine siku hiyohiyo. Ile ya shilingi 200 kwa siku, tuliyokuwa tukiilipa tangu Julai 2018 ili tufungue WhatsApp na wenzake, imekwenda zake. Mahali pake pameketi asilimia 12 juu ya bando la intaneti. Ya zamani vijana waliikwepa kwa VPN, na tangu Facebook ifungwe mwezi wa Januari hakuna kijana wa Arua asiyejua VPN ni kitu gani. Hii mpya haikwepeki: inakukata mlangoni, kabla hujaingia ndani. Kilichonichekesha ni msamaha wake. Sheria inasema data ya huduma za elimu na za afya haitozwi. Basi niambieni: simu yetu ya nyumbani saa tatu asubuhi ni darasa la hesabu, saa tano ni zahanati ya kumuulizia babu dawa, saa saba ni benki, na kuanzia saa tisa ni uwanja wa mpira wa mwanangu. Mtoza kodi ataihesabu vipi?

*

Mchezo wenyewe unaitwa Dream League Soccer. Wazazi wenzangu mnaujua hata kama jina lake hamlijui. Muziki wake mnausikia mpaka usingizini. Vijana wa huku wanaupenda kwa kuwa ukishaupakua hauli data nyingi, na kwa kuwa unakuruhusu kuunda timu yako mwenyewe, ukaipa jina na jezi. Timu ya mwanangu inaitwa Onduparaka. Wachezaji ni Wazungu watupu, lakini jina ni Onduparaka, na uwanja wa nyumbani, anasema, ni Greenlight. Kwa taarifa yenu, wiki hii Viwavi wetu, ndilo jina la utani la Onduparaka, wameifunga Barcelona nne bila. Onduparaka wenyewe, waliotupandisha ligi kuu mwaka 2016 na kuwafanya watu wa Kampala watafute Arua kwenye ramani, wako nyumbani sawa na sisi. Kwa ajili ya korona, michezo imefungwa pamoja na shule.

Jumatatu usiku ndipo moto ulipowaka. Mnakumbuka mechi ya Euro: Ufaransa na Uswisi, tatu kwa tatu, dakika za nyongeza, saa sita ya usiku imeshapita. Vibanda vya video vimefungwa, na saa moja jioni kila mtu awe kwake, kwa hiyo wajomba, wapangaji na watoto wote walikuwa sebuleni kwetu, barakoa zikining'inia kidevuni. Wachezaji wakawa wanapanga foleni ya penalti. Umeme ukakatika.

Kwa msomaji wa mbali: gridi ya taifa haijafika West Nile. Tunaishi kwa maji ya Nyagak kule Zombo, mtambo wa megawati 3.5, na kwa majenereta ya mafuta. Umeme huja kwa zamu, na zamu haina kalenda.

Simu ya mama watoto ilikuwa na asilimia nne. Alikuwa ameificha chini ya mto makusudi, maana baba yake yuko Koboko, amekohoa siku kadhaa, na simu yoyote ya usiku ingekuwa yake. Mimi nikaenda kutafuta redio. Niliporudi, kijana alikuwa ameshaichomoa simu chini ya mto, amejiinamia kwenye kona, na wajomba wamemzunguka. Nikadhani wametafuta matokeo. Hapana. Alikuwa ameanzisha penalti zake mwenyewe kwenye mchezo: yeye Uswisi, mjomba wake Ufaransa, wanapokezana kidole. Wakapiga tatu tatu, simu ikazima. Redio nayo, nilipoipata masafa, ilikuwa inapiga kwaya.

Sitaandika hapa maneno aliyosema mama watoto. Yalikuwa ya Kikakwa, na yalikuwa marefu. Asubuhi tulipata habari mbili kwa mpigo kutoka kwa jirani mwenye sola: Uswisi wameshinda kwa penalti tano kwa nne, Mbappé ndiye aliyekosa, na mzee wa Koboko alikuwa amepiga simu mara mbili usiku. Alitaka kujua kama ni kweli ile dawa ya matone inakuja.

*

Dawa ya matone ni Covidex, ya Profesa Patrick Ogwang wa Chuo Kikuu cha Mbarara. Jumanne mamlaka ya dawa, NDA, imeiruhusu itumike kusaidia matibabu. Kusaidia, nasisitiza, haikusema inaponya. Lakini kufika jioni, redioni na kwenye vijiwe vya boda, "kusaidia" lilikuwa limeshadondoka njiani.

Kwetu bado tunajifukiza. Majani ya mkaratusi, mwarobaini, malimao na tangawizi vinachemshwa kwenye sufuria, mtu anajifunika blanketi, anatoka ametota na anadai amepona ugonjwa ambao hakuwa nao. Ugomvi wangu ni juu ya sufuria. Ndani ya nyumba hii kuna sufuria moja kubwa, na ndiyo ya kusongea ugali wa muhogo. Tangu katikati ya Juni tunakula ugali wa mkaratusi. Angara, samaki mkavu wa simsim, mboga ninayoipenda kuliko zote, ukiuchovyea ugali wa mkaratusi unaonja dukani kwa mhindi wa dawa. Nimependekeza inunuliwe sufuria ya pili. Nimeulizwa kwa pesa gani.

*

Shemeji yangu wa Koboko ana habari za vijana wa huko. Kutoka hapa hadi kwao ni lami tupu kupitia Maracha, saa moja hivi kwa gari, lakini tangu Juni 10 hakuna kuvuka wilaya, kwa hiyo tunaonana kwa sauti tu, tena pale mtandao unapokubali. Ukiwa Koboko, simu haijui iko nchi gani. Mipaka mitatu inakutana Salia Musala. Ukigeuka vibaya kitandani unakaribishwa Congo kwa ujumbe mfupi.

Anasema ukumbi wa PlayStation uliokuwa karibu na soko umefungwa kwa amri, na mwenye nao, mtu mwenye akili, ameanza kuazimisha mashine majumbani kwa siku. Unachukua mashine, pedi mbili na runinga yake, unaacha kitambulisho cha taifa. Umeme ni juu yako. Nyumba yenye sola imekuwa klabu. Ndani kuna vijana kumi na tano, madirisha yamefungwa ili askari asisikie shangwe, na wote wamekwepa ukumbi kwa kuogopa msongamano. Huko Oraba, mpakani na Sudan Kusini, malori yanapita ila abiria hawapiti, na madereva wanaosubiri majibu ya vipimo wanacheza ludo kwenye simu chini ya trela, kwa pesa. "Shemeji," ananiambia, "kuna mtu amepoteza posho ya safari nzima na hata Yei hajafika."

*

Kila nikisikia mzazi anasema michezo ya simu haijamfikisha mtu popote, namkumbuka Lual Mayen. Wazazi wake walikimbia vita Sudan Kusini, naye akazaliwa safarini, wakafika kambini kaskazini mwa Uganda. Pale alikulia, miaka ishirini na ushei. Alipoiona kompyuta kwa mara ya kwanza, kwenye kituo cha kuandikisha wakimbizi, akamwambia mama yake anaitaka. Mama akashona nguo na kudunduliza kwa miaka mitatu mpaka zikafika dola 300, akamnunulia.

Hapo ndipo hadithi inapofanana na ya kwetu. Kompyuta anayo, umeme hana. Akawa anatembea saa tatu kwenda kuichaji, na saa tatu kurudi. Akajifundisha mwenyewe, akatengeneza mchezo uitwao Salaam. Ndani yake wewe ni mkimbizi: unakimbia, unatafuta maji na chakula, nguvu zikikwisha umekwisha. Baadaye, akiwa Washington na kampuni yake Junub Games, akauunda upya ili ukimnunulia maji mkimbizi wa kwenye skrini, pesa hiyo imsaidie mkimbizi wa kweli aliye kambini. Mwaka 2018 alitambuliwa kwenye The Game Awards, tuzo kubwa za michezo hiyo duniani.

Simwoni mwanangu akifika Washington kwa kuifunga Barcelona. Ninachosema ni kwamba kambi aliyokulia Mayen haiko mbali na hapa, na watoto wa namna yake bado wapo Rhino Camp, Imvepi, Bidibidi na Lobule, ambako tangu Februari mgao wa chakula umepunguzwa kwa asilimia 40. Mmoja wao leo hii anatembea na simu iliyozima. Nasi hapa tunapigana juu ya soketi iliyo ukutani.

*

Shirika la Afya Duniani liliamua mwaka 2019 kuuingiza uraibu wa michezo ya video kwenye orodha ya maradhi. Machi 2020 likaziunga mkono kampuni za michezo hiyohiyo zilipowahimiza watu wabaki nyumbani wacheze. Siwalaumu. Mimi pia husema "zima hiyo simu" saa nane, na saa kumi, mgeni akija, husema "mpeni simu atulie".

*

Bibi yetu hahitaji betri. Umeme ukikatika anatoa karata zake zilizochakaa na kuita matatu, ule mchezo wa karata ambao Kola Studios wa Kampala wameuweka hadi kwenye simu. Kwa bibi ni karata za mkononi na taa ya mafuta. Anakata mchezo kwa saba yake wakati wewe umeshika mbili, rungu la pointi ishirini, halafu anakuhesabia kwa sauti ili hata jirani asikie. Anaiba. Watoto wote wanajua anaiba. Ndiye peke yake ndani ya nyumba hii aliyeweza kukaa na kijana wangu kwa saa mbili bila neno baya.

*

Mtaani gumzo ni shilingi 100,000 ambazo Waziri Mkuu, mheshimiwa Nabbanja, amesema zitatumwa kwa walioumizwa na kufungwa huku, wa kwenye majiji na manispaa. Mwenyekiti wa LC, baraza letu la mtaa, amekuwa mtu wa kusalimiwa mara tano kwa siku. Pesa itakuja kwa simu, kwa hiyo laini iwe imesajiliwa kwa jina lako, na simu iwe hewani. Jirani yetu, mama mchoma mahindi ambaye sasa hana wa kumuuzia jioni, hana simu. Ameandikisha laini yake, ameipachika kwenye simu yetu.

Kwa hiyo simu hii, yenye ufa katikati na betri iliyovimba, sasa inasubiri fedha ya serikali ya mtu mwingine, habari za mgonjwa wa Koboko, masomo ya darasa la sita, na mechi ya Onduparaka. Kuna walimu wanaotuma kazi kwa WhatsApp. Kuna shule ambazo hazijatuma kitu tangu Juni 7. Mdogo wetu wa mwisho ndiyo hasara kubwa. Aliingia darasa la kwanza Februari 2020, shule zikafungwa Machi 20, zamu ya madarasa ya chini ikaja kupangwa mwezi wa Juni mwaka huu, na Juni ndiyo shule zikafungwa tena. Kusoma amejifunza kwenye mchezo wa kaka yake. Neno la kwanza alilonisomea lilikuwa "GOAL".

Sasa niseme langu, kwa kuwa wazazi wenzangu wawili wameniambia wamezificha simu kabatini kabisa. Mchezo haujamnyima mtoto masomo, masomo hayapo. Kinachotugombanisha ni kwamba kitu ni kimoja na wenye haja ni wengi, nasi tunamshika mdogo kuliko wote kwa sababu ndiye anayeonekana anakifurahia. Mtu mzima akikaa saa mbili na simu hiyohiyo akisambaza uzushi wa chanjo, hakuna anayemfokea. Kwetu tumepanga hivi: simu haianzi mchezo chini ya asilimia thelathini, anayeimaliza ndiye anayeipeleka kuchajiwa kwa mwenye sola kwa shilingi 500 zake, na saa ya mchezo ikifika hapewi amri ya kuchota maji katikati ya mechi. Hili la tatu lilidaiwa na kijana mwenyewe, na ni la haki. Maji yalikuwa yakitakiwa kila anapopata kona.

*

Robo fainali za Euro zimekwisha: Hispania, Italia, Denmark, na jana usiku Uingereza, nne bila kwa Ukraine. Jumanne saa nne usiku ni Italia na Hispania.

Jirani wa ukuta wa kusini mwenye jenereta la kijani, najua unasoma gazeti hili kwa kuwa huniazima langu kila Jumatatu. Ua letu ni moja, kwa hiyo kafyu haitugusi. Waya wa kurefusha tunao, runinga tunayo, viti utaleta vyako. Petroli tutachangia. Jibu kabla ya Jumanne mchana, tafadhali, na ukipiga simu usiipige saa tisa alasiri.