Majitu Hutengenezwa kwa Maneno

Wazazi wa huku Ngara na Biharamulo huuliza kama ni dhambi vijana wao kutazama katuni za Kijapani zenye damu nyingi. Inayotajwa zaidi ni Attack on Titan, iliyoanza kuonyeshwa 2013 na kumalizika 2023, na ambayo hadi leo inatembea kwenye simu na flashi.

Ndani yake, watu wanaishi nyuma ya kuta ndefu wakiogopa majitu yanayokula watu. Baadaye wanagundua kwamba majitu hayo ni binadamu wa damu yao, waliochomwa sindano na taifa la ng'ambo ya bahari. Huko ng'ambo, ndugu zao wamefungiwa katika mtaa wao, wanavaa vitambaa mkononi, na watoto wao wanafundishwa kwamba watu wa kisiwani ni mashetani. Mwishowe Eren, kijana aliyeanza kama shujaa, anaamua kuwaangamiza walimwengu wote ili watu wake wapone.

Mimi sitishwi na ile damu. Natishwa na hoja ya Eren kwamba tusipowaua, watatuua. Mtunzi, Hajime Isayama, anaonyesha wazi watoto wakikanyagwa, lakini wapo vijana wanaomshangilia Eren hadi mwisho.

Sisi wa kando ya mto Kagera tunaijua hoja hiyo. Mwaka 1994 redio RTLM ya Rwanda iliwaita Watutsi mende, na ikawaambia wasikilizaji wake wawawahi kabla hawajawahiwa. Maiti zilielea mtoni hadi Ziwa Victoria. Mwishoni mwa Aprili watu zaidi ya 200,000 walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa kama siku moja wakaja Benaco, wasio na hatia wakiwa wamechanganyika na waliokuwa wameua. Desemba 2003 mahakama ya Arusha iliwatia hatiani watu watatu kwa yale yaliyotangazwa redioni na kuandikwa gazetini. Na tusisahau, Rwanda ilikuwa nchi ya Wakristo. Masikio yaliyosikia Injili Jumapili ndiyo yaliyosikiliza redio Jumatatu.

Kihangaza na Kirundi vinakaribiana sana. Serikali ina haki ya kulinda mipaka, lakini wakati wa Operesheni Kimbunga ya 2013 jirani wa miaka mingi aliweza kugeuka "si mwenzetu" kwa neno la kijiweni tu. Kaini naye, baada ya kumwua Abeli, alikana kwamba ndugu yake anamhusu.

Kwa hiyo, mzazi, usiizime tu simu. Kaa na kijana wako mtazame ile sehemu ya mzee mwindaji. Binti yake ameuawa na msichana mdogo aliyelelewa kuwachukia watu wa kisiwani. Mzee anakabidhiwa kisu, na huyo msichana yuko mbele yake. Anakikataa, akisema watoto inabidi watolewe katika msitu huu wa kuuana. Kisha muulize kijana wako: kati ya mzee huyu na Eren, shujaa wako ni nani, na kwa nini?